Cheti cha Kumshusha Dari

Hebu mwone anavyoingia. Mlango wa chumba cha mafunzo ni wa kioo, umejaa alama za vidole, naye anausukuma kwa bega kwa sababu mikono imekumbatia boksi la waya ambalo hakutaka kuliacha nje. Ni Jumamosi asubuhi. Amenawa uso, hilo linaonekana, lakini kunawa uso si kunawa nyusi. Nyusi zake ni nyeupe kwa vumbi, kama za bibi kizee, na mwenyewe hajafika hata arobaini. Mwanafunzi mmoja aliyekwisha kukaa mbele ya kompyuta anasogeza kiti kumpisha, akidhani amekuja kutengeneza taa.

"Mama, taa zote zinawaka," anamwambia kwa upole.

"Nashukuru kusikia hivyo. Mwalimu yuko wapi? Nimekuja kusoma."

Kazini wanamwita Dari. Jina alilopewa na wazazi lipo, liko kwenye kitambulisho na linatumika nyumbani mumewe akikasirika, lakini huko kwingine kote yeye ni Dari, na sababu ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameipitisha humo, kati ya vibao vyeupe vya dari na bati, akitambaa kwa magoti na viwiko huku akivuta nyaya za kompyuta za watu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema lolote kuhusu mtaka cha darini, labda kwa sababu hawakumwona huyu.

Alianza kazi hiyo kwa kuitwa na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alikuwa ametangulia kuajiriwa na kampuni ndogo ya kutandaza nyaya za mtandao kwenye ofisi, shule na zahanati. Kampuni ilitaka mtu mwembamba. Wifi hakuwa mwembamba. "Mimi Mungu aliniumba kwa ajili ya sakafu," alimwambia msimamizi, "lakini kaka yangu ameoa mtu anayepita hata kwenye tundu la ufunguo. Nimlete?" Akamletea. Tangu siku hiyo wakawa jozi: mmoja juu, mmoja chini.

Kila walikokwenda utani ulikuwa uleule. Watu wa ofisini wakisikia wanaitana wifi, wifi, basi lazima atokee mmoja aseme: "Sasa kama wifi tayari mko wawili, waya wa nini tena?" Na wifi wa chini humjibu bila kuinua kichwa: "Ile ya hewani hukatika. Sisi tunakatikia harusini tu."

Walikuwa na namna yao ya kufanya kazi, na hiyo nataka uishike vizuri, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea baadaye. Ofisini huwezi kupiga kelele kutoka darini, watu wako kazini. Simu nayo huwezi kuishika wakati mikono miwili imeshika waya. Kwa hiyo walizungumza kwa waya wenyewe. Wifi akivuta mara moja kutoka chini, maana yake simama. Akivuta mara mbili, endelea. Na nyaya zikiwa nyingi, zimelala pamoja kama nywele zisizochanwa, Dari aliuchezesha mmoja huku juu, na wifi chini akiona ncha ipi imetikisika, anasema, "Huo huo." Kwa mtindo huo walitandaza majengo mazima bila kubandika lebo hata moja. Lebo za nini? Mkono ulikuwa unajua.

Kilichomleta Dari kwenye chumba cha mafunzo ni kifua. Juu ya dari kuna vumbi la miaka, kuna vinyesi vya popo, kuna ile sufi ya kioo inayowekwa kuzuia joto, na barakoa huzuia inavyoweza. Alianza kukohoa asubuhi, kisha asubuhi na jioni, kisha wifi akawa anajua yuko upande gani wa jengo kwa kusikia kikohozi tu. Daktari wa zahanati akampima, akamsikiliza mgongoni, akamwambia bila kukusudia kumtisha, wala kumficha: "Mama, mapafu haya yameomba likizo. Usipande tena huko juu. Ukiendelea, itafika siku ngazi ya nyumbani itakushinda."

Dari akaenda kwa msimamizi. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu mwenye simu tatu zinazolia.

"Kuna kiti chumba cha uangalizi," alisema kati ya simu na simu. "Meza, skrini, hewa safi. Unaangalia mitandao ya wateja, ikikatika unaijua kabla yao. Lakini mwenye kampuni ameweka sharti: anayekaa pale awe na cheti cha mtandao, hata kile cha mwanzo kabisa. Kampuni italipia mtihani mmoja, mara moja. Ukianguka, umeanguka."

"Cheti gani?"

"Chochote cha mwanzo. Chagua, uniletee jina kabla ya mwezi kwisha. Na nikuambie ukweli, yule dada wa mapokezi naye anakitaka kiti hicho. Ameshaanza kusoma."

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani: kiti kimoja, watu wawili, na mmoja wao akikikosa anarudi darini.

Vyeti vya mwanzo vilikuwa viwili vilivyosemwa sana pale mafunzoni, na wanafunzi walikuwa wameshavipa majina yao. Kimoja walikiita Mapana. Hicho hakina kiwanda. Kinakufundisha mtandao ni nini, kidogo cha kila kitu, nyaya, hewani, anwani, ulinzi, namna ya kutafuta kosa. Cha pili walikiita Marefu. Hicho ni cha kiwanda kimoja kinachotengeneza mashine za mtandao. Kinazama kwenye mashine hizo, unajifunza amri zake moja baada ya moja mpaka vidole vizijue. Waliosoma Marefu waliwatazama wa Mapana kama watu waliokwenda ufukweni wasiingie majini. Wa Mapana waliwaona wa Marefu kama mtu aliyezama kisimani akadhani ameiona bahari.

Mwalimu wao, mtu mtaratibu aliyevaa sweta hata jua likichoma, alianza siku ile na matabaka. Mtandao, alisema, umepangwa kwa matabaka saba, kama nyumba ya ghorofa. Juu kabisa ndiko mtumiaji anakoona barua zake na picha zake. Chini kabisa, tabaka la kwanza, ndiko waya uliko.

Dari akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo mimi ni wa chini kabisa?"

"Kazi yako ni ya tabaka la kwanza, ndiyo."

"Ajabu. Na miaka yote hii nimekuwa juu ya vichwa vya watu."

Darasa likacheka, na aliyemsogezea kiti akacheka kuliko wote. Lakini Dari alikuwa ameshaanza kuhesabu matabaka yaliyobaki.

Baada ya kipindi alimfuata mwalimu. "Nichague kipi?"

"Unataka ushauri au unataka jibu?"

"Nataka kushuka darini."

Mwalimu akafuta ubao kwanza. "Kuna mtu huujua mji kwa maduka," akasema. "Anakwambia, pita duka la bluu, kata kona penye kinyozi. Siku duka la bluu likipakwa rangi nyeupe, amepotea. Marefu ukiyasoma kabla ya Mapana, unaweza kuujua mji kwa maduka. Ndiyo rai yangu. Wapo walimu wazuri watakaokwambia kinyume."

"Lakini mwalimu, mwenye kiu haulizi mto umetoka wapi."

"Kweli. Na ndiyo maana sikukupa jibu."

Nyumbani wifi alikuwa anamsubiri, amekaa mlangoni na ndoo ya nguo katikati ya miguu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema.

"Wifi, mbachao wangu una vumbi."

"Najua una vumbi, mimi ndiye ninayekusikia ukikohoa. Nasema hivi: chumba kile cha uangalizi kina mashine za kiwanda gani?"

"Za hicho hicho cha Marefu."

"Basi soma Marefu! Unazunguka nini? Ningekuwa mchoyo ningekuambia soma Mapana, maana hayo hata mimi naweza kuyasoma nawe, tukafanya yetu pamoja. Lakini mimi nakutaka uwe hai. Nikipewa mwenzangu mwingine, nitamzoea. Nilimzoea hata kaka yangu."

Mume wa Dari, ndani, akauliza nani kamtaja.

Kwa hiyo wiki ile Dari alikuwa mtu wa Marefu. Aliazima kitabu chake, akaanza kukariri amri kwenye vituo vya basi, midomo ikitembea. Na pengine hadithi ingeishia hapo, lakini msimamizi akamwambia aende ashinde siku moja chumba cha uangalizi, akione kiti chenyewe kabla ya kuandika jina.

Chumba kilikuwa nyuma ya ofisi ya kampuni. Skrini kubwa ukutani, vitone vya kijani, kila kitone mteja. Kabati la mitambo lilisimama kwenye kona likivuma kama friji. Aliyekaa pale, ambaye walimzoea kwa jina la Bwana Skrini na ambaye alikuwa karibu kuondoka, alikuwa mtu wa maneno machache na biskuti nyingi. Alimwonyesha kiti, akamwonyesha vitone, akasema, "Kijani kizuri, chekundu kibaya. Nachukua chai, narudi. Usiguse kitu."

Dari akakaa. Kiti kilizunguka. Akakizungusha kidogo, hakuna aliyemwona. Hewa ilikuwa safi kiasi kwamba alishtuka hajakohoa.

Simu ikalia. Alikuwa dada wa mapokezi, hana hili wala lile. "Jamani, kompyuta yangu haina mtandao tangu asubuhi. Kuna mtu huko?"

"Nipo mimi, Dari."

"Ee, Dari! Umeshakikalia kiti? Basi nitengenezee."

Sasa, jengo lile walilitandaza wao wenyewe, Dari na wifi, miaka ya nyuma. Alifungua kabati akazikuta nyaya zake, zimekaa vilevile walivyoziacha, buluu juu ya buluu, hazina lebo. Upo waya mmoja humo uliokwenda mapokezi. Mwingine angesimama akashika kiuno akasubiri. Dari alifanya alichokifanya kila siku ya kazi yake: alishika waya, akauchezesha kwa kuuvuta mara mbili.

"Dada, angalia nyuma ya kompyuta yako," alisema kwenye simu. "Waya umecheza?"

"Ucheze vipi?"

"Utikisike."

"Hautikisiki, Dari. Umepigiliwa ukutani."

Ni kweli, umepigiliwa ukutani, na aliyeupigilia ni wifi. Lakini mkono ukishazoea hausikii hoja. Akavuta wa pili, akavuta wa tatu. Wa nne ulikuwa mnene kidogo, nao kijiulimi cha plastiki kinachoushika kwenye tundu kilikuwa kimevunjika zamani bila mtu kujua. Ukatoka mzima mzima, ukabaki mkononi mwake.

Nyuma yake skrini ikawa nyekundu. Si kitone kimoja. Yote.

Bwana Skrini aliingia na kikombe, akaona skrini, akaona mkono. Aliweka kikombe chini taratibu, akauchukua ule waya, akaurudisha tunduni akaushikilia kwa kidole, na kidole hakikutoka pale mpaka vitone vikaanza kurudi kijani, kimoja kimoja, kwa kujivuta. Wakati huo simu zote zilikuwa zinalia. Wateja kwao walikuwa wazima, ila chumba kile ndicho kilichokuwa kipofu, na msimamizi alikuwa amekwisha kuwapigia watano kuwaambia wamekatika.

Mambo yalipotulia Bwana Skrini akamwuliza alikuwa anatafuta nini.

"Waya wa mapokezi."

Akakaa, akaandika neno moja fupi kwenye kompyuta. Ikatokea orodha. "Haya. Tundu la mapokezi hili hapa. Limefungwa kwa amri. Nani kalifunga?" Akatazama zaidi. Akavunja biskuti. "Aa. Mimi. Jana, walipohamisha meza."

Akalifungua. Simuni dada wa mapokezi akashangilia.

"Ungeiuliza mashine tu," Bwana Skrini akamwambia Dari, bila ukali. "Kuuliza si ujinga. Inakwambia tundu lipi liko hai, lipi limekufa, na nani yuko upande wa pili."

"Inajibu?"

"Ukiijua lugha yake. Soma Marefu, wiki ya kwanza tu utakaa hapa kama kwako."

Dari alifikiri kidogo. "Na mashine za viwanda vingine? Zile za zahanati, zile za shule? Nazo zinajibu?"

"Hizi kubwa zote zinajibu. Kila moja na lafudhi yake."

"Zote," akasema Dari.

Alirudi nyumbani na neno hilo. Miaka yote ameinama mbele ya makabati hayo, amezifunga mashine kwa skrubu kwa mikono yake, amezipangusa vumbi, na haikumjia hata siku moja kwamba ukiziuliza zinajibu. Kitabu cha Marefu alikuwa nacho begini. Amri ile fupi aliyoiona kwa Bwana Skrini alikuwa ameshaikariri kituoni, neno kwa neno. Aliijua. Ila hakujua kwamba ni swali.

Kesho yake akapeleka jina kwa msimamizi. Mapana.

Wifi alipopata habari aliacha pasi ikiwa inawaka. "Umechagua kwa kunihurumia mimi?"

"Nimechagua kwa aibu, wifi."

"Aibu inaponya kifua?"

Dari akachomoa plagi ya pasi ukutani kabla nguo haijaungua.

Alisoma. Wifi naye akawa anakuja Jumamosi, akikaa nyuma, akibishana na mwalimu kuhusu tabaka la tatu kana kwamba amelijenga yeye. Hakufanya mtihani, lakini alimsikiliza Dari nyumbani, akishika kitabu juu chini na bado akijua jibu likikosewa, kwa sauti tu. Mtihani ukafika, Dari akaingia, akatoka, akapasi. Si kwa kung'ara, ila kupasi ni kupasi. Dada wa mapokezi naye akapasi Marefu, akaleta keki kazini, akamkatia Dari kipande kikubwa.

Msimamizi aliwaita mmoja mmoja. Kwa Dari hakuzunguka.

"Nilisema cheti chochote, na sikudanganya. Lakini mko wawili na kiti kimoja, na chumba kile ni cha mashine zake. Nimempa yeye."

Dari akaitikia kwa kichwa.

"Subiri. Tangu siku ile ya vitone vyekundu mwenye kampuni halali. Anataka makabati ya wateja wote yafunguliwe, kila tundu liulizwe, kila waya ubandikwe lebo. Mashine huko ni za kila kiwanda. Aliyesoma Marefu ataelewa nusu. Nataka wewe. Unakaa chini, mbele ya kabati, na kompyuta yako. Na wifi yako wa kubandika."

"Kupanda?"

"Ni pale tu mashine ikikosa jibu, mkahitaji kuufuata waya. Mara chache."

"Chache kiasi gani?"

Simu yake moja ikalia. "Chache," akasema, akaipokea.

Ndiyo kazi anayoifanya mpaka leo. Ukiingia kwenye zahanati ama shule ukakuta wanawake wawili wameketi sakafuni mbele ya kabati lililo wazi, mmoja akiandika kwenye kompyuta na mwingine akiwa na mkanda wa lebo mdomoni, ujue ni wao. Dari anauliza, mashine inajibu, wifi anabandika. Kuna siku nzima hupita hakuna aliyegusa ngazi. Kuna siku nyingine mashine imezeeka haijibu lolote, au waya umeunganishwa na mtu wa zamani asiyejulikana, basi Dari anavaa barakoa, kibao cha dari kinasogezwa, miguu inapotelea juu, kisha kikohozi kinasikika kikienda kusini.

Anakohoa kidogo kuliko zamani. Wifi anasema hivyo, mumewe anasema hivyo. Dada wa mapokezi, ambaye sasa anakizungusha kiti kile kila asubuhi, amesikia kwamba mwakani huenda cha pili kikaongezwa, na kwamba huenda kampuni ikalipia mtihani mwingine. Huenda mara mbili hiyo.

Mwezi uliopita Dari alirudi kwa daktari. Daktari akaweka kile chuma baridi mgongoni, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akasikiliza tena upande huu.

"Sasa niambie," akasema, "umeshuka?"

Dari akafunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, bila kuharakisha. Wewe ungekuwa yeye, ungemjibu nini?